Wapagazi katika Historia ya Mlima Kilimanjaro

Mwanafunzi akiulizwa ni nani aliyekuwa wa kwanza kukifikia kilele cha Mlima Kilimanjaro, hujibu upesi kwamba ni Hans Meyer, Mjerumani, pamoja na Ludwig Purtscheller, mwenyeji wa Austria, tarehe 6 Oktoba 1889. Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya historia. Hema walimolala mabwana hao halikupanda mlima lenyewe, wala chakula walichokula hakikuota mawenimawe. Kuna watu waliovibeba vitu hivyo, na nia yetu katika insha hii ni kuitazama nusu hiyo ya pili, ambayo mara nyingi vitabu huipitia kwa sentensi moja.

Huenda msomaji akauliza: sisi tuishio Singida tuna haki gani ya kuusemea mlima wa Wachaga? Mlima tuuonao upande wa kaskazini-mashariki, siku ambayo mbingu ni nyeupe, ni Hanang, wenye kimo cha mita 3,420 na usio na theluji. Lakini wahenga walinena kuwa milima haikutani, binadamu hukutana. Linalotukutanisha na Kilimanjaro ni mzigo. Njia kuu ya misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe ilipita katika nyika ya Mgunda Mkali, ambayo leo sehemu yake kubwa imo katika upande wa Manyoni na Itigi. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857. Januari 1875 msafara wa Stanley ulipita katika nchi ya Ituru, ukapigana na wenyeji huko Vinyata. Katika misafara hiyo mpagazi alichukua ratili sitini hadi sabini, yaani kilo thelathini hivi, begani au kichwani, katika nchi yenye maji haba. Basi sisi ni watoto wa nchi iliyokanyagwa na nyayo za wapagazi, na tunapousoma Mlima Kilimanjaro, nyayo hizo ndizo tunazozitafuta kwanza.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitokea upande wa Mombasa, aliona weupe juu ya Kibo. Alipomuuliza kiongozi wake ni kitu gani, kiongozi yule hakusema theluji. Alisema ni baridi. Neno hilo moja lilitosha. Huko London, mtaalamu wa jiografia aitwaye W. D. Cooley, ambaye hakuwahi kuuona mlima huo, alikataa kwa miaka mingi kuamini kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Hapa pana fundisho kubwa kwa mwanafunzi wa historia: mtu wa msafara, asiye na kitabu wala chuo, alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko bwana mkubwa mwenye maktaba yake.

Meyer mwenyewe hakufaulu mara ya kwanza. Mwaka 1887 alizuiwa na ukuta wa barafu. Mwaka 1888 hakuufikia hata mlima, kwa maana alikamatwa katika vita vya Abushiri, mpiganaji wa Pangani aliyewapinga Wajerumani, akaachiliwa kwa fidia. Mwaka 1889 alirudi na mpango mpya. Aliweka kambi kubwa Marangu, katika nchi ya Mangi Marealle, kisha kambi nyingine mlimani, na ya mwisho chini ya Kibo, yapata mita 4,300 juu ya usawa wa bahari. Kila baada ya siku chache wapagazi walipanda na vyakula, wakashuka, wakapanda tena. Kwa mpango huo Meyer na Purtscheller waliweza kukaa juu siku nyingi, wakajaribu, wakarudi hemani, wakajaribu tena mpaka wakafaulu. Kama kamba ile ya wabebaji ingekatika, kilele kisingefikiwa. Katika kambi ya juu aliishi pamoja nao mtu mmoja wa Pangani, jina lake Mwini Amani. Mtu wa pwani, aliyezoea joto la minazi, alikesha katika baridi ya kugandisha maji ili wenzake wapate pa kurudi.

Masimulizi ya Marangu yanatupa jina jingine, la Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Kichaga anayetajwa kuwa kiongozi wa njia. Jina hili limehifadhiwa na vinywa vya wazee kuliko vitabu vya wageni. Mwaka 1989, miaka mia moja tangu kilele kufikiwa, mzee Lauwo alikuwa bado hai, akaenziwa. Mwalimu wa historia hana budi kuwaonyesha wanafunzi wake chanzo hiki na kile, maandishi na masimulizi, na kuwafunza kuvipima vyote viwili kwa mizani moja.

Aliyeandika ndiye aliyetaja, na aliyetaja ndiye aliyemiliki. Meyer alikiita kilele kwa jina la mfalme wake, Wilhelm. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na Mwenge wa Uhuru mahali hapohapo, na kilele kikaitwa Uhuru. Banda lililoitwa kwa jina la Bismarck nalo likapata jina la Mandara, mtawala wa Moshi. Banda lililo juu yake likaitwa Horombo, kwa jina la mtawala wa Keni aliyejenga ngome za mawe huko Rombo. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliundwa mwaka 1973, ikafunguliwa rasmi mwaka 1977, na mwaka 1987 ikaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ni jambo la kushukuru kwamba majina ya watawala wetu yamerudi mlimani. Lakini mpagazi hana banda lenye jina lake.

Naye yungali anapanda. Mgeni anayefuata njia ya Marangu hutembea taratibu, akiambiwa kila mara "pole pole", hali wabebaji wanampita na vyungu na maji, ili afikapo akute chakula kiko tayari. Siku hizi mizigo hupimwa langoni, na kanuni inamwekea mpagazi kikomo cha kilo ishirini. Kanuni hiyo ni njema, lakini yahitaji macho ya kuilinda, kwani mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: asiyeubeba huuona mwepesi.

Theluji ile iliyobishaniwa London nayo inatuaga. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilienea yapata kilomita za mraba kumi na mbili. Mwaka 2011 haikufika mbili. Huenda wajukuu wetu wakausoma weupe wa Kibo kama sisi tunavyousoma msafara wa Stanley. Barafu ikiyeyuka, picha zake zitabaki, kwa kuwa wengi wamezipiga. Mzee aliyebeba mizigo mlimani akifariki bila kuulizwa, hakuna picha itakayosema alipitia wapi, alilipwa nini, na nani alirudi na vidole vilivyoungua kwa baridi.

Kwa hiyo tunawasihi walimu, wa Moshi na wa Singida pia, wawatume wanafunzi kwa wazee wa vijiji vyao na daftari mkononi, wakaandike majina ya waliobeba. Kila kijiji kina wapagazi wake, hata pasipo na mlima.