Jeshi la Udongo

Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike jambo la historia, kwa kuwa anakumbuka kwamba nilikuwa miongoni mwa wale waliochafua sakafu ya kidato cha tatu kwa udongo mwaka 1997. Ombi hilo nimelipokea kwa furaha. Nitaeleza jinsi tulivyoanza kufinyanga na kupaka rangi askari wadogo wa mezani hapa Mpitimbi, makosa tuliyoyafanya, na jambo moja tulilojifunza ambalo halikuwamo katika madaftari yetu.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe kwa wale wasioujua. Watu wawili au zaidi hupanga juu ya meza vilima, mito na vijiji vya kuigiza. Kila upande huwa na jeshi la vijisanamu vyenye urefu wa kidole au pungufu. Jeshi husogezwa kwa kupimwa na rula, na mapigano huamuliwa kwa dadu na sheria zilizoandikwa. Kabla ya kucheza, mchezaji hana budi kuviunda vijisanamu vyake na kuvipaka rangi, na kazi hiyo peke yake yaweza kuchukua miezi mingi.

Asili ya mchezo huu si ya kitoto. Mwaka 1824 ofisa mmoja kijana wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, aliwaonyesha wakubwa wake mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani. Vipande vidogo vilisimama badala ya vikosi, dadu zilitumika, na mwamuzi alikaa katikati. Wakubwa waliupenda, na maofisa wa Prussia wakaanza kufundishwa kwa mchezo huo. Huko Uingereza, kampuni ya William Britain ilianza mwaka 1893 kutengeneza askari wa risasi wenye uwazi ndani, wepesi na wa bei nafuu. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akatoa kitabu kiitwacho Little Wars, chenye sheria za kupiganisha askari hao sakafuni. Baadaye wakaja askari wa plastiki, kama wale wa kampuni ya Airfix, na mchezo ukaenea duniani.

Haya yote niliyasoma baadaye nilipokuwa Chuo Kikuu. Nilitabasamu peke yangu maktabani, maana jeshi la Prussia ndilo lililokuwa uti wa mgongo wa jeshi la Dola ya Ujerumani, na Wajerumani ndio waliojenga boma hapa Songea mwaka 1897. Mchezo wetu ulikuwa na undugu na watu waliokuja kututawala.

Lakini mwaka 1997 hatukujua lolote kati ya hayo. Mwalimu wetu wa historia alikuwa amepitia Jeshi la Kujenga Taifa, na huko alifundishwa kwa kutumia meza ya mchanga, yaani mfano wa nchi wenye vilima na mito ya kuchora kwa kidole. Tulipofika kwenye somo la Vita vya Majimaji, alituambia tutengeneze meza ya namna hiyo, tuionyeshe shuleni Februari 27 ya mwaka utakaofuata, siku ambayo mkoa wetu huwakumbuka mashujaa walionyongwa Songea mwaka 1906. Tukaunda kikundi cha watu kumi na mmoja.

Tulikubaliana kwamba kijisanamu kimoja kiwakilishe watu 50. Vitabu vinataja jeshi la Wangoni wapatao 5,000 lililoelekea Mahenge, kwa hiyo tulihitaji Wangoni 100. Tulichimba udongo bondeni, tukaufinyanga siku hiyo hiyo, tukauanika juani. Baada ya siku mbili jeshi lote lilikuwa limepasuka. Wengine walikatika shingo, wengine miguu. Bibi mmoja mfinyanzi wa kijijini alipita, akaangalia, akacheka mpaka akakaa chini.

"Wajukuu zangu," alisema, "udongo haukimbizwi."

Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa pili. Alitufundisha kuuloweka udongo, kutoa mizizi na kokoto, kuukanda vizuri, na kuuchanganya na vigae vya vyungu vilivyotwangwa ili usipasuke. Alituambia tukaushe kivulini. Kwa kuwa miguu myembamba huvunjika, tukawafinyanga Wangoni wetu wakiwa wamesimama nyuma ya ngao zao, ngao na mwili vikishikana. Mikuki hatukuifinyanga. Tulitoboa tundu kwa mwiba kwenye ngumi kabla udongo haujakauka, na baada ya kuchoma tukachomeka njiti ya fagio.

Kuchoma nako kulikuwa na hasara yake. Tuliomba nafasi kwenye tanuri la matofali, tukawaingiza wote kwa pamoja bila kusubiri wakauke hadi ndani. Maji yaliyobaki ndani yakageuka mvuke, na vijisanamu zaidi ya thelathini vikapasuka kama bisi. Mwenzetu mmoja alisema kwamba hata safari hii maji hayakutusaidia. Tulicheka, ingawa mwalimu hakucheka.

Sasa rangi. Kijana anayetaka kuanza asidhani kwamba lazima awe na makopo ya dukani. Sisi tulianza na chokaa. Kijisanamu kizima hupakwa chokaa nyembamba kwanza, ili rangi zinazofuata zishike na zionekane. Tulikuwa na masizi kwa rangi nyeusi, udongo mwekundu, na udongo wa manjano uliochanganywa na majivu kwa rangi ya kaki, vyote vikikorogwa na gundi. Brashi zilikuwa manyoya ya kuku na vijiti vilivyotafunwa ncha. Tulijifunza kupaka tabaka mbili nyembamba badala ya moja nzito, kwa maana rangi nzito hufunika macho na vidole. Tulijifunza pia kuanza na rangi ya giza kwenye mikunjo, kisha kupitisha brashi iliyo karibu kukauka juu ya sehemu zilizoinuka, na hapo sura hujitokeza. Mwisho kila mmoja aligandishwa juu ya kizibo cha soda ili asimame imara.

Kupaka rangi ndiko kulikotulazimisha kusoma historia. Kitabu chaweza kusema "wapiganaji walishambulia" na msomaji akapita. Mwenye brashi hawezi kupita. Ngao ilikuwa ya ngozi ya ng'ombe, basi ng'ombe wa rangi gani? Tukaenda kuangalia ng'ombe, na kila ngao ikapata mabaka yake. Dawa ya maji ilikuwa nini? Tukasoma kwamba ilichanganywa maji, mafuta ya mbarika na mtama, na kwamba vita vyenyewe vilianzia kwa Wamatumbi mwezi Julai 1905, kabla havijafika Ungoni.

Ugumu ulikuja kwa upande wa pili. Mwanzoni wote tulidhani jeshi la Wajerumani ni Wazungu, na tulikuwa tumeandaa rangi ya waridi. Mwalimu alitusahihisha. Wazungu walikuwa wachache, wengi wao wakiwa maofisa. Askari wenyewe walikuwa Waafrika. Hermann von Wissmann alipounda jeshi lake mwaka 1889 aliwachukua Wasudani kutoka Misri, na Washangaani kutoka Msumbiji ambao waliitwa Wazulu. Baadaye waliandikishwa pia wenyeji wa nchi hii. Fikirini, ndugu zangu: Wangoni nao asili yao ni kusini, kwenye msafara wa Zwangendaba uliovuka mto Zambezi mwaka 1835. Rangi tuliyowapaka usoni askari wa Mjerumani ikawa ile ile tuliyowapaka Wangoni.

Hakuna aliyetaka kuwafinyanga askari hao. Kila mtu alitaka kumtengeneza Nduna Songea Mbano, au Nkosi Mputa Gama, au Nkosi Chabruma. Mwenzetu mmoja mkimya, ambaye sitamtaja, akasema, "Nipeni mimi." Akawatengeneza wote, pamoja na bombomu, yaani bunduki ya rashasha. Kofia zao, mikanda yao, nguo za kuzungushia miguu, vyote alivifanya kwa uangalifu. Jambo lililotushangaza ni kwamba kila askari wake alikuwa na uso wake, wakati Wangoni wetu mia moja walifanana kama maharage. Tulimtania kwamba anawapendelea maadui. Hakujibu.

Mwaka 2009 tulikutana arusini mjini Songea, tukakaa meza moja. Aliniambia kwamba babu wa babu yake alikuwa askari wa Mjerumani, alikuja na jeshi, akaoa, akabaki. Nyumbani kwao jambo hilo halikusemwa mbele ya wageni. "Sikutaka kumtetea," aliniambia, "nilitaka tu awe na uso." Nilimwomba radhi kwa utani wetu wa zamani.

Sasa turudi mezani. Kufikia Januari 1998 tulikuwa na majeshi mawili, vilima vya karatasi zilizolowekwa kwa uji wa unga, na pamba ya kuonyesha moshi wa bunduki, maana bunduki za askari wengi wakati ule, aina ya Mauser ya mwaka 1871, zilitoa moshi mzito. Tukajaribu pigano la Oktoba 21, 1905, wakati kikosi chenye bombomu kutoka boma la Mahenge kilipoishambulia kambi ya Wangoni. Kila mara Wangoni walishindwa. Tukabishana. Wengine walitaka iwekwe sheria kwamba dadu ikionyesha sita, risasi igeuke maji. Wengine walisema huo ni uongo, tena ni kuwadhihaki waliokufa. Nusura kikundi kivunjike.

Wakati tunabishana, babu aliyekuwa mlinzi wa shule aliingia kuangalia. Alizunguka meza mara mbili, mikono nyuma. Kisha akauliza, "Vihenge viko wapi?"

Hatukuelewa. Akasema, "Mmeweka watu wengi sana hapa. Wanakula nini?"

Alitueleza kwamba mama yake alikuwa mtoto mdogo wakati ule. Hakuwahi kuwasimulia watoto wake habari za bunduki. Aliwasimulia habari za mizizi ya porini waliyoichimba, na za wadogo zake waliokufa baada ya bunduki kunyamaza.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Kesho yake alitufundisha sehemu ambayo tulikuwa tumeiruka. Wajerumani walipoona kwamba wapiganaji wametawanyika na kupigana kwa kuvizia, walichoma vijiji, mashamba na akiba za chakula. Makadirio ya waliokufa katika vita hivyo yanatofautiana kati ya watu 75,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa na maradhi, si risasi.

Tukaanza upya. Tulifinyanga vihenge ishirini na vinne, tukaviezeka kwa nyasi, tukaviweka vijijini. Tukaandika sheria mpya: kikosi kisicho na kihenge hakisogei, na upande usio na vihenge umeshindwa hata kama una watu. Mchezo ukabadilika kabisa. Aliyeshika Wangoni hakukimbilia tena bombomu, bali alihangaika kulinda chakula na kuwaficha watu. Aliyeshika Wajerumani aligundua kwamba hahitaji kupigana. Alihitaji kiberiti tu. Mwenzetu aliyeshinda kwa njia hiyo mara ya kwanza alikaa kimya, akakataa kucheza tena upande ule.

Februari 27, 1998 wazazi walikuja kuangalia. Hatukucheza siku hiyo. Tulipanga meza mbili: moja yenye vita, na nyingine yenye vijisanamu 67 vimesimama bila silaha, idadi ya mashujaa wanaokumbukwa kwenye kaburi la pamoja pale Makumbusho ya Majimaji, na Songea Mbano akiwa peke yake, kama kaburi lake lilivyo peke yake. Mmoja wetu aliuliza kama tumtengeneze bila kichwa, kwa kuwa inasimuliwa kwamba kichwa chake kilichukuliwa kupelekwa Ujerumani. Tulikubaliana awe mzima. Novemba 1, 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akaomba radhi, na akawaahidi wazao wa Nduna kusaidia kulitafuta fuvu hilo. Siku ile nilimkumbuka yule Nduna wetu wa udongo.

Kwenu ninyi vijana, ushauri wangu ni mfupi. Msingoje fedha. Anzeni na vijisanamu sita, si mia moja. Udongo usikimbizwe, rangi iwe nyembamba, na kila mtu apewe uso wake, awe wa upande wetu au wa upande ule. Na kabla ya kumfinyanga askari wa kwanza, fanyeni kihenge. Sisi tulikifanya mwisho, ndiyo maana kwa miezi sita tulicheza vita ambavyo havikuwa vyenyewe.

Askari wetu wengi wamekwisha kuvunjika. Mimi ninacho kihenge kimoja, nacho kiko mezani kwangu ofisini, karibu na mihuri. Wageni huuliza kama ni kinu cha mtoto. Nikiwa na nafasi, huwaeleza.

Ni mimi mwenzenu wa kidato cha nne, 1998.