Wazanzibari wa Durban: jamii iliyohamishwa kwa jina lake

Mtu anayehamia Durban, mji mkubwa wa bandari katika jimbo la KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, huulizwa swali moja kabla hajafungua mizigo yake: utakaa wapi? Mimi niliulizwa na dalali wa nyumba, na mfanyakazi mwenzangu, na dereva aliyenipokea, na kila mmoja alikuwa na jibu lake tayari. Dalali alinitajia Umhlanga, kaskazini mwa mji, kwenye majengo mapya yenye walinzi getini. Mwenzangu alisema Glenwood, kwa kuwa ni karibu na mjini na kuna miti. Dereva, Mkongo kutoka Bukavu, alicheka na kuniambia kwa Kiswahili chake cha Kivu kwamba watu wetu wako Point na Albert Park, na huko ndiko nitakakopata unga wa muhogo na dagaa.

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninapenda nini. Walinitazama, wakanisikia nikisema, wakajua pa kuniweka.

Katika makala haya, msikilizaji, nataka kueleza habari za watu waliotoka upande wetu wa bahari, ambao swali hilo la makazi limewaandama katika mji huu tangu mwaka 1873. Hapa Durban wanaitwa Wazanzibari. Wengi wao, kwa asili, hawakutoka Zanzibar.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said, akibanwa na Uingereza, alikubali mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Soko lilifungwa, lakini majahazi hayakukoma. Yaliendelea kuvuka kutoka mwambao wa Msumbiji kwenda Komoro na Bukini, na manowari za Kiingereza zikawa zinayawinda. Kila jahazi lililokamatwa lilizua taabu mpya: watu hawa waliookolewa wapelekwe wapi? Kuwarudisha walikotoka kulikuwa sawa na kuwarudisha mikononi mwa waliowauza. Wengine walishushwa Shelisheli, wengine Aden, wengine Bombay. Wasikilizaji wa Mombasa wanaijua Frere Town, makazi ya watumwa walioachiwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka hiyohiyo ya 1870, ambayo kengele yake ndiyo iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina.

Koloni la Natal lilikuwa na haja zake. Mashamba ya miwa na kazi za bandari zilitaka mikono. Vibarua wa mkataba kutoka India walianza kuletwa mwaka 1860, lakini uletaji huo ulisimama mwaka 1866 na haukuanza tena hadi mwaka 1874. Katika pengo hilo, mwezi Agosti 1873, manowari iitwayo Briton ilitia nanga Durban ikiwa na watu 113 waliotolewa utumwani. Kufikia mwaka 1880, walioletwa kwa njia hii walikuwa wamezidi kidogo 500. Huruma ilikuwapo, sikatai, lakini hesabu ya vibarua nayo ilikuwapo. Walishuka melini wakiwa huru, kisha wakapewa mikataba ya kazi ya miaka kadhaa kwa waajiri ambao hawakuwachagua.

Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, na wengi walikuwa Waislamu. Jina la Wazanzibari walilipata kwa sababu shughuli yote ya kuwaokoa na kuwagawa ilisimamiwa na ubalozi mdogo wa Uingereza uliokuwa Unguja. Kwa karani wa Natal, mtu aliyepitia mikononi mwa ofisi ya Zanzibar alikuwa Mzanzibari, basi. Karani huyohuyo alifanya jambo jingine ambalo pengine hakuliwazia sana: aliwaweka chini ya Mlinzi wa Wahamiaji, yaani afisa aliyewasimamia vibarua wa Kihindi. Kwa hiyo, tangu mwanzo, katika majalada ya serikali, Waafrika hawa waliwekwa rafu moja na Wahindi, mbali na Wazulu waliokuwa wenyeji wa nchi. Rafu hiyo itakuja kuamua mitaa ya wajukuu wao.

Mikataba ilipokwisha, wengi walichagua. Nasisitiza neno hilo, kwa sababu katika historia yao ni mojawapo ya mara chache ambazo linafaa. Walikwenda Bluff, ile rasi ndefu yenye kilima inayoikinga bandari ya Durban upande wa kusini, na wengi wao wakakusanyika mahali paitwapo King's Rest. Ukisimama pale juu, mkono mmoja una bandari, mkono wa pili una bahari kuu. Kazi ya gatini ilikuwa ng'ambo tu ya maji. Samaki walikuwapo, na ardhi ya kulima ilikuwapo. Mjini kulikuwa karibu kwa mtu anayetafuta kibarua, na mbali kwa mtu anayetaka kuachwa aswali, acheze ngoma zake na kuwalea watoto wake kwa lugha yake. Mtu aliyezaliwa jirani na Angoche au Kisiwa cha Msumbiji angeweza kupaona pale kuwa si ugenini mtupu.

Ardhi yenyewe ililindwa na udugu wa dini. Wafanyabiashara Waislamu kutoka India walikuwa wameanzisha Msikiti wa Juma katika barabara ya Grey mwaka 1881, barabara ambayo tangu 2008 inaitwa Dr Yusuf Dadoo. Mwishoni mwa karne ya 19 wadhamini wa Kiislamu walipata kiwanja King's Rest, na Wazanzibari wakaishi humo chini ya dhamana hiyo. Pakawa na msikiti, madrasa na makaburi. Si wote waliokuwa Waislamu. Wakatoliki nao walikuwa na misheni yao pale Bluff, na baadhi ya Wamakua wakabatizwa. Nyumbani walizungumza Kimakua, lugha ambayo Mswahili akitega sikio ataijua kuwa ni ya ukoo wake: maji ni maasi, na jina ni nsina.

Walikaa hivyo kwa zaidi ya nusu karne, hadi serikali ya chama cha National, iliyoingia madarakani mwaka 1948, ilipoanza kuupanga upya kila mji wa Afrika Kusini kwa rangi za watu wake. Mwaka 1950 zilipitishwa sheria mbili zilizokwenda sambamba. Sheria ya Usajili wa Watu ilimpa kila mtu kundi lake katika karatasi. Sheria ya Maeneo ya Makundi ilikipa kila kipande cha mji kundi lake. Ya kwanza ilikuambia wewe ni nani. Ya pili ikakuambia, kwa kuwa wewe ni huyo, utalala wapi. Mwaka 1958 ramani ya Durban ilitangazwa rasmi, na Bluff ikawa ya Wazungu.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha habari hii. Kuondoka King's Rest lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Lililobaki ni waende wapi, na jibu lilitegemea waitweje. Wakiitwa Waafrika, au Wabantu kwa lugha ya serikali ile, wangepelekwa katika vitongoji vipya kama KwaMashu au Umlazi, na kila mtu mzima angetembea na pasi mfukoni. Wasikilizaji wa Kenya wenye umri mkubwa wanaokikumbuka kipande watajua uzito wa karatasi ile shingoni mwa mtu. Wakiitwa machotara, wangekwenda kwingine. Wakiitwa Waasia, wangekwenda kwa Wahindi.

Maafisa waliyumba. Kwanza waliwatia katika kundi la Wabantu, kisha katika la machotara. Hoja iliyopelekwa mbele yao ilikuwa kwamba watu hawa ni Waislamu, wametoka Zanzibar iliyokuwa nchi ya Sultani, na wameishi siku zote na Waislamu wenzao wa Kihindi. Mwishowe wakaandikwa katika fungu lililokuwa halina umbo: Waasia Wengineo. Wamakua wa Msumbiji, wajukuu wa watu waliotolewa katika matumbo ya majahazi, wakawa Waasia kwa muhuri wa serikali. Lile kosa la karani wa mwaka 1873 likageuka kuwa ngao.

Je, tuwalaumu? Nimesikia watu wakisema kwamba walikana Uafrika wao ili wakwepe pasi. Sikubaliani nao, lakini sidhani pia kwamba jambo hili lilipita bila gharama. Sheria iliwapa majina matatu ya kuchagua, na hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa lao. Walichotaka kukilinda kilikuwa ni kukaa pamoja, karibu na msikiti na madrasa, na jina lililowawezesha kufanya hivyo wakalichukua. Gharama ilikuwa kwamba Mzulu waliyefanya naye kazi gatini sasa alikuwa ng'ambo ya mpaka. Na hoja ya Uislamu, kwa namna ilivyojengwa, haikuweza kumfaa ndugu yao Mkristo wa palepale Bluff.

Katika miaka ya 1960 walihamishiwa Chatsworth, kusini-magharibi mwa mji, katika kitongoji kipya cha Wahindi kilichojengwa juu ya mashamba ya migomba ambayo wakulima wa Kihindi wenyewe walikuwa wamenyang'anywa. Kilipangwa kwa namba, na Wazanzibari wakawekwa katika kitengo cha pili, kiitwacho Bayview, yaani mandhari ya ghuba. Aliyetunga jina hilo nadhani alikuwa na ucheshi mkavu, kwa watu waliotoka mahali ambapo bahari ilikuwa mlangoni. Katika ramani ya serikali, Chatsworth yote ilikuwa ni ukuta: Wahindi katikati, Wazungu upande mmoja, Waafrika wa Umlazi upande wa pili.

Mwaka 1973, miaka 100 kamili tangu Briton kutia nanga, Zubeda Seedat wa Chuo Kikuu cha Natal aliandika tasnifu juu ya jamii hii, na tangu hapo watafiti wengine wamefuata. Jamii ilikuwa haikuyeyuka. Kimakua kilikuwa kinasemwa, dhikri zilikuwa zinasomwa, na watu walikuwa bado wanaijua King's Rest kwa mapito yake.

Mwaka 1991 Sheria ya Maeneo ya Makundi ilifutwa, na mwaka 1994 ukaja uchaguzi wa watu wote. Yeyote akaruhusiwa kuishi popote, kwa kadiri ya mfuko wake. Wahamiaji wapya wakaanza kuingia Durban, na wale wa kaskazini mwa Msumbiji wakakuta Bayview kuna watu wanaosema lugha yao, baada ya vizazi vitatu au vinne vya kutoonana. Wapo waliohamia huko kwa sababu hiyo tu.

Wakongo, Warundi na Watanzania walifuata njia nyingine. Afrika Kusini, kwa Sheria yake ya Wakimbizi ya mwaka 1998, haikuwaweka wakimbizi kambini kama Nyarugusu au Kakuma. Mtu aliyeishi miaka mingi akipangiwa hema na mgao wa unga, hapa alijikuta ameachiwa mji mzima achague. Chaguo lenyewe lilikuwa jembamba. Katikati ya mji, Point na Albert Park, kodi ni kubwa na chumba kimoja hugawanywa kwa mapazia, lakini kazi iko karibu na Kiswahili kinasikika ngazini. Katika vitongoji vya pembeni kodi ni nafuu, lakini Mei 2008 wageni walivamiwa huko, na mwaka 2015 tena. Wala katikati ya mji hapakuwa na kinga: Januari 2009 kundi la watu lilivamia jengo moja la Albert Park, na Mtanzania mmoja na Mzimbabwe mmoja wakapoteza maisha baada ya kuanguka kutoka ghorofani.

Aprili 2015, maelfu ya wageni waliofukuzwa makwao walipokosa pa kulala, moja ya kambi za mahema ilisimamishwa katika viwanja vya michezo vya Chatsworth, kitongoji kilekile walikopelekwa Wazanzibari.

Mimi hatimaye nilipanga Glenwood, na sina sababu ya kujivunia, kwani palikuwa karibu na kazi. Yule dereva wa Bukavu aliondoka Point mwaka uliofuata, baada ya mtoto wake wa tatu kuzaliwa. Alipata vyumba viwili vya uani huko Bayview, kwa mzee mmoja wa ukoo wa Bluff. Mkataba wa kupanga uliandikwa kwa Kiingereza, lakini kodi walikuwa wamekwisha kukubaliana, yeye akisema Kiswahili na mzee akisema Kimakua, na walipokwama kwenye hesabu wakaonyeshana vidole.