Kinga, jasho na baridi: nguo ya barabarani ina historia yake

BUNIA, Ituri – Kutoka Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, hadi Bunia, mtu wa kinga anapanda zaidi ya mita 600. Ziwa liko kwenye mita 620 hivi. Bunia iko karibu na mita 1,270. Mwenye kubeba samaki anasukuma kinga yake kwenye mlima wa Bogoro huku jasho linamtiririka. Akifika juu, upepo wa asubuhi unampiga kifuani. Wanaoshuka kutoka Djugu na makala wanaijua baridi kuliko hiyo, kwani huko mlima Aboro unapita mita 2,400.

Wengi wanalaumu baridi. Lakini waendesha kinga wa tangu zamani walijifunza kwamba adui wa kwanza ni jasho linalobaki ndani ya nguo.

Kwa watu wengi wa Ituri, nguo inayogusa ngozi ni singileti ya pamba. Mababu walivaa maganda ya mti yaliyopondwa. Pamba ilienea kwa nguvu: sheria ya mwaka 1917 iliipa serikali ya Wabelgiji ruhusa ya kuwalazimisha wanakijiji kulima mazao, na Uele, jirani ya Ituri, ikawa shamba kubwa la pamba. Aliyekataa alitozwa faini au alifungwa. Baadaye viwanda vya nguo vilijengwa Kinshasa, Kalemie na Kisangani, na pamba ikawa nguo ya kila siku.

Wakati wa joto pamba ni nzuri. Shida yake ni kwamba inakunywa maji na kukawia kukauka. Ikilowa jasho, inashikamana na mwili, na upepo unaondoa joto lote.

Huko Ulaya, waendesha kinga wa kwanza walivaa sufu, yaani manyoya ya kondoo. Mwaka 1910, mashindano ya Tour de France yalipopanda mlima Tourmalet, wenye mita 2,115, washindani walikuwa na triko za sufu. Sufu hubeba jasho jingi kabla mtu hajahisi kulowa, na hata ikilowa bado inatunza joto. Kabla ya kuteremka mlima, wengi walikuwa wakiweka gazeti kifuani, chini ya triko, ili kuzuia upepo. Karatasi hiyo ilifanya kazi ya jaketi.

Mwaka 1941 wataalamu wawili wa Uingereza, Whinfield na Dickson, walitengeneza uzi wa poliesta. Uzi huo haunywi maji: unashika chini ya asilimia 1 ya uzito wake. Jasho linapita kwenye kitambaa, linafika upande wa nje na kukauka huko. Ndiyo maana mayo za mpira wa miguu za leo zimetengenezwa kwa poliesta.

Mayo hizo zimejaa kwenye mitumba. Mtu wa kinga hahitaji nguo ya duka la Ulaya. Mayo ya mpira ivaliwe kwanza, igusane na ngozi. Juu yake triko ya sufu au ya manyoya ya poliesta. Mwisho jaketi nyepesi ya kuzuia upepo. Wakati wa kupanda, vitu vya juu vivuliwe kabla jasho halijaanza. Wakati wa kuteremka, virudishwe mwilini. Asiye na jaketi, karatasi kavu kifuani inamsaidia mpaka leo.

Jambo hili ni zito zaidi kwa familia zilizokimbia Djugu tangu Desemba 2017, zile za Kigonze na kambi nyingine. Wengi walitoka na nguo ya mwilini tu. Baba anayesukuma makala mchana kutwa na kulala na singileti ileile yenye jasho, chini ya hema, anapoteza joto usiku kucha. Akipata nguo mbili tu, moja iwe ya kazi na nyingine ibaki kavu kwa kulala. Na kama anaendelea kutetemeka hata baada ya kuvaa nguo kavu, asiseme ni baridi tu: aende kituo cha afya akapimwe malaria.