Lafudhi ya Kujifunza: Mzee Ojwang' na Dai la Ukabila katika Vichekesho vya Runinga Kenya

Tangu ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo ziliua watu zaidi ya 1,100, limezoeleka dai kwamba vichekesho vya runinga ni kitalu cha ukabila. Wanaolishikilia husema kuwa kipindi kinachochekesha kwa lafudhi ya Mjaluo, Mluhya au Mkamba humzoesha mtazamaji kumwona jirani yake kama kabila kwanza, mtu baadaye. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyoharamisha matamshi ya chuki ya kikabila, iliwapa hoja yao uzito zaidi. Makala hii inalipinga dai hilo kwa kuchunguza kazi ya mwigizaji mmoja: Benson Wanjau, aliyefariki Nairobi tarehe 12 Julai 2015 akiwa na umri wa miaka 78, na ambaye umma ulimjua kama Mzee Ojwang'.

Wasifu wake hauna utata mkubwa. Kwa zaidi ya miaka 30 aliigiza katika runinga ya taifa, iliyoitwa Sauti ya Kenya kabla ya kugeuzwa kuwa KBC mwaka 1989. Alijulikana zaidi katika kipindi cha vichekesho cha Vitimbi, akiwa mume wa Mama Kayai, mhusika wa Mary Khavere. Wahakiki wanakubaliana pia kuhusu mazingira: hadi KTN ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1990, aliyewasha runinga hakuwa na stesheni nyingine ya kuhamia. Mkulima wa Nyeri na mvuvi wa Kisumu, kila aliyeweza kupata runinga, waliangalia kichekesho kilekile. Ubishi unaanzia kwenye swali la walichokiona.

Ojwang' wa kwenye runinga ni Mjaluo. Wanjau mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Jambo hili hutajwa sana kama kioja cha wasifu, kisha linaachwa. Kwangu ndilo ushahidi wenyewe. Lafudhi ya Kijaluo katika vichekesho vya Kenya hutambulika upesi kwa sauti moja: palipo na "sh" husikika "s". Shamba linakuwa "samba", shida inakuwa "sida". Sababu ni ya kifonolojia, kwani Dholuo haina sauti ya "sh". Sasa tutazame upande wa mwigizaji. Gikuyu inayo sauti iliyo karibu sana na "sh", ile inayoandikwa kwa herufi "c". Isiyokuwa nayo ni "s". Kwa hiyo mvuto wa lugha mama ya Wanjau ulielekea kinyume kabisa na alikotaka kwenda. Ilimbidi aiache sauti aliyozaliwa nayo na kushika ile ambayo Gikuyu haina, huku akichunga "r" na "l" zisichanganyike, maana mchanganyiko huo ndio alama ambayo wachekeshaji humbambikia Mkikuyu. Kuteleza kumoja kwa ulimi kungemfichua. Badala yake, watazamaji wengi walishangaa kuambiwa kwamba hakuwa Mjaluo.

Dai la kitalu cha ukabila linasimama juu ya dhana kwamba lafudhi ni alama ya damu. Wanjau aliibomoa dhana hiyo kwa vitendo. Alionyesha kuwa kinachochukuliwa kuwa kabila ni ufundi wa mdomo na sikio, na kwamba mtu wa jamii nyingine anaweza kuumudu mpaka wenyewe wamkubali. Wala tusisahau ni jamii zipi tunazozizungumzia. Tangu kuuawa kwa mwanasiasa Mjaluo Tom Mboya mwaka 1969, siasa za Kenya zimewapambanisha Wakikuyu na Wajaluo mara kwa mara. Katika miaka hiyohiyo, Mkikuyu mmoja alikuwa akiingia majumbani kwa jina la Kijaluo, na nchi ikalipenda. Alipougua macho akiwa amezeeka, Wakenya walimchangia fedha za matibabu, na waliyemchangia alikuwa "Ojwang'".

Pingamizi la kwanza ni kwamba kumwiga mtu ni kumdhihaki. Pengine, lakini kichekesho cha Vitimbi kilitokana zaidi na hila za Ojwang' na jinsi zilivyomrudia. Lafudhi ilimtambulisha, haikumhukumu. La pili ni zito zaidi: serikali ya chama kimoja ilinufaika na ucheshi wa kikabila kwa kuwa haukuwagusa wakubwa. Nakubali. Hata hivyo, anayeruhusu kipindi kirushwe hana mamlaka juu ya maana anayoondoka nayo mtazamaji. Vipindi vya baadaye, ambamo mchekeshaji hutaja kabila na kungoja kicheko, ni suala jingine, na ni kosa la mbinu kuvitia katika kapu moja na Vitimbi.

Siwezi kudai kwamba mwigizaji mmoja alizuia chuki. Mwaka 2007 unatosha kunisuta. Ninachodai ni kwamba uhakiki unaohesabu lafudhi bila kuuliza ni nani anayeitamka, na alijifunzaje, haujafika kwenye uigizaji. Nathubutu kuongeza kwamba hakuna mtaala wa uwiano wa kitaifa uliowafundisha Wakenya wepesi wa kuvuka mpaka wa kabila kuliko alivyofanya Wanjau kwa kuitamka shida "sida".