Kwa nini bata alikufa na panya akapona

Mwaka 1960 wafugaji wa Uingereza walianza kuokota mizoga ya bata mzinga mabandani. Kifaranga aliyekuwa akidonoa vizuri anakataa chakula, mabawa yanalegea, shingo inapinda kwa nyuma, na kabla wiki haijaisha ameshakufa. Zaidi ya 100,000 walikwenda hivyo. Waganga wa mifugo walidhani ni kirusi, wakakitafuta wasikipate, basi maradhi wakayaita X na kuendelea kupasua mizoga. Kila walipopasua walikutana na kitu kilekile: ini limeharibika.

Upelelezi uliishia kwenye chakula. Wafugaji waliopata hasara walikuwa wakilisha mchanganyiko wenye mashudu ya karanga kutoka Brazil, na kwa muda kidogo ilionekana Brazil ndiyo yenye kesi. Lakini huku kwetu nako, Kenya, vifaranga vya bata vilikuwa vikifa kwa maelfu kwa kula mashudu ya karanga zilizolimwa hapahapa Afrika Mashariki. Habari hizo ndizo zilizowafungua macho watafiti kwamba kosa halikuwa la nchi fulani wala meli fulani. Mwaka 1961 mkosaji alitajwa: kuvu aitwaye Aspergillus flavus, anayeota juu ya karanga na mahindi yenye unyevu na kutoa sumu ambayo leo tunaiita aflatoksini, au kwa jina lililozoeleka Tanzania, sumukuvu.

Kuiona sumu hiyo hakukuhitaji mitambo mikubwa. Walikamua kemikali kutoka kwenye mashudu, wakaidondosha kwenye karatasi maalumu, wakazima taa na kumulika kwa mwanga wa urujuanimno. Madoa mengine yaling'aa kibuluu, mengine kijani. Ndiyo maana hadi leo kuna aflatoksini B na G, kutokana na rangi hizo mbili kwa Kiingereza. Mwaka 1963 wanakemia wa chuo cha MIT, Marekani, walichora umbo lake kamili, atomu kwa atomu. Ya B1 ndiyo kali kuliko zote.

Hapo ndipo mambo yalipochanganyika. Kazi ya kawaida ya mtaalamu wa sumu ni kumpa mnyama dozi, kuipandisha, na kuhesabu waliokufa. Kifaranga cha bata kilikufa kwa dozi isiyofika nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito wake. Panya wadogo weupe wa maabara walihitaji miligramu 9 hivi, zaidi ya mara ishirini. Panya wakubwa waliolishwa kidogo kidogo kwa muda mrefu walipata saratani ya ini, samaki aina ya trauti nao wakaipata, huku wale panya wadogo wakiendelea na maisha yao. Sasa binadamu tumweke upande gani? Kama mwili wake unafanana na wa bata, mamilioni wako hatarini. Kama unafanana na wa panya mdogo, kelele zote ni za bure. Kuhesabu mizoga zaidi kusingejibu swali hilo hata kidogo, kwa sababu kila mnyama alitoa ushahidi wake na ushahidi ulipingana.

Jaribio la kwanza la maana la kumuuliza binadamu mwenyewe lilifanyika Murang'a, Kenya. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilikuwa na kituo Nairobi, na watafiti wawili, Peers na Linsell, waliamua kupima chakula kilichokwisha kupikwa. Walichukua sampuli za mlo wa jioni kutoka kwenye sahani za watu, na pombe za kienyeji pia, katika maeneo ya miinuko mitatu: juu kwenye baridi, katikati, na chini kwenye joto. Matokeo waliyochapisha mwaka 1973 yalikwenda sambamba: kadiri ulivyoshuka bondeni, sumu kwenye sahani iliongezeka, na wagonjwa wa saratani ya ini waliongezeka nayo. Ulikuwa ushahidi mzuri, lakini wa kuotea. Bondeni kuna joto, kuna mbu, kuna maradhi mengine chungu nzima. Nani atasema ni aflatoksini na si kingine?

Jibu lilibidi litafutwe ndani ya ini lenyewe, na hapa ndipo penye utamu wa historia hii.

Aflatoksini B1 ikimezwa, kama ilivyo, haina meno. Meno huwekewa na mwili. Ini lina vimeng'enya vya kundi liitwalo P450, ambavyo kazi yake ni kukamata vitu vigeni na kuvibadili ili vitoke. Vikiishika aflatoksini huibandika atomu moja ya oksijeni mahali pabaya, na kinachotokea ni kitu kikali kisichotulia, ambacho ndani ya maji hudumu kwa sekunde moja hivi. Katika sekunde hiyo kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kudakwa na glutathioni, kemikali ya mwili inayofunga vitu vikali na kuvisindikiza nje. Ya pili ni kuingia katikati ya DNA na kung'ang'ania herufi moja ya vinasaba, guanini. Mwaka 1977 watafiti wa MIT walionyesha kwa uhakika umbo la mshikamano huo, na ni mahali gani hasa pa guanini panaposhikwa.

Panya mdogo, kumbe, humeza sumu ileile na vimeng'enya vya kuiwekea meno anavyo. Anachowazidi wengine ni kimeng'enya kinachoiunganisha na glutathioni kwa kasi kubwa. Baadaye, panya wadogo walipoondolewa jeni ya kimeng'enya hicho, kinga yao iliyeyuka. Bata mzinga wa kufugwa ni kinyume chake: anaiwekea sumu meno haraka na karibu hana wa kuidaka. Ajabu ni kwamba bata mzinga wa porini bado ana kinga hiyo. Inaelekea ilipotea wakati wafugaji wakichagua ndege wa kunenepa. Na binadamu? Vimeng'enya vyetu vya kuidaka ni dhaifu. Tuko karibu na panya mkubwa kuliko panya mdogo, na hilo halikuhitaji kumlisha mtu sumu ili lijulikane.

Tena, guanini iliyoshikwa hung'oka kutoka kwenye DNA na kutoka na mkojo. Kwa hiyo mkojo wa mtu unaweza kusema kama sumu imemfikia hadi kwenye vinasaba, si mdomoni tu. Mwaka 1983 timu ya Herman Autrup ilichapisha kwamba imeona alama zake kwenye mkojo wa watu wa Murang'a, wilaya ileile ya sahani za jioni. Mwaka 1991 makundi mawili, moja likichunguza uvimbe wa wagonjwa wa Qidong nchini China na jingine wa kusini mwa Afrika, yalikuta jeni ya p53, inayozuia seli zisizaane ovyo, mara nyingi imeharibika mahali palepale: kwenye kikundi cha herufi tatu namba 249, guanini imegeuka herufi nyingine, timini. Ni badiliko ambalo kemia ya aflatoksini ingetabiri.

Kisha utafiti wa Shanghai ukaleta hesabu ya kutisha. Mwenye alama za aflatoksini kwenye mkojo alikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3 hivi ya asiye nazo. Mwenye virusi vya homa ya ini B, mara 7. Mwenye vyote viwili, karibu mara 60. Kwa nchi zetu, ambako homa ya ini B ni ya kawaida, hiyo ni sababu tosha ya kuchanja watoto hata kama hujaokoa punje moja ya mahindi.

IARC iliitangaza aflatoksini kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu mwaka 1987, na tangu hapo namna ya kupima hatari za kemikali imeendelea kugeuka kutoka kuhesabu wanyama kwenda kufuata njia ya sumu. Njia hiyo humwachia huru mtuhumiwa pia. Sakarini, sukari ya maabara, iliwapa panya madume uvimbe wa kibofu, na mwaka 1977 Marekani ilipendekeza kuipiga marufuku. Ilipofuatwa hatua kwa hatua, ikaonekana uvimbe ule unategemea hali ya mkojo wa panya ambayo binadamu hana, na mwaka 2000 ikaondolewa kwenye orodha ya Marekani ya vitu vinavyosababisha saratani. Wanaodai kwamba sayansi ya namna hii ni kichaka cha wenye viwanda wana hoja mara nyingine, lakini kwa aflatoksini ilikwenda upande wa mlaji.

Qidong walifika mbali zaidi. Kuanzia miaka ya 1980 watu wake waliacha mahindi wakahamia wali. Damu iliyokuwa imehifadhiwa tangu 1989 ilipolinganishwa na ya 2012, alama za aflatoksini zilikuwa zimeshuka hadi kutoonekana, na vifo vya saratani ya ini kwa walio chini ya miaka 35 vilishuka kwa zaidi ya nusu, ingawa wote walizaliwa kabla ya watoto wachanga kuanza kupewa chanjo ya homa ya ini B.

Sisi hatukuhama mahindi. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani za Kenya, wagonjwa wenye macho ya manjano na matumbo yaliyovimba walifika 317, walikufa 125. Safari hii haikuwa saratani ya baada ya miaka ishirini, ilikuwa dozi kubwa iliyoua ini kwa siku chache. Damu ilipopimwa, waliougua walikuwa na alama nyingi za aflatoksini kuliko majirani wazima, na waliohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba ndio walioumia zaidi. Nusu na ushei ya sampuli za mahindi sokoni ilizidi kiwango cha Kenya cha wakati huo, sehemu 20 kwa bilioni. Asilimia 7 ilipita 1,000. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20.

Jumuiya ya Afrika Mashariki leo inaruhusu sehemu 5 za B1 na 10 za aflatoksini zote, na Machi 2021 Kenya ilifunga mlango kwa mahindi ya Tanzania na Uganda kwa kisa hicho, ikaufungua siku chache baadaye kwa masharti. Malori yanapimwa. Mahindi ya mkulima anayelima, anayekausha juu ya udongo, anayesaga dona mashine ya jirani na kusonga ugali wake jioni hayapimwi na mtu. Kwake kinachofaa ni turubai la kuanikia, mfuko usiopitisha hewa, kukoboa pale sumu ilipokaa kwenye ganda, na Aflasafe, kuvu wa jamii ileile wasiotoa sumu wanaomwagwa shambani ili wawahi nafasi. Tanzania iliisajili mwaka 2018.

Linalobaki gizani ni suala la watoto. Tafiti za Benin na Togo zilikuta watoto wenye aflatoksini nyingi kwenye damu ni wafupi kuliko wenzao, na Kenya nako jambo hilo limefuatiliwa. Lakini njia yenyewe, kutoka kwenye uji wa mahindi hadi kwenye mfupa usiorefuka, haijachorwa. Wapo wanaoshuku utumbo, wapo wanaoshuku homoni ya ukuaji inayotengenezwa na ini lilelile. Mahindi ya mtu mzima yanapimwa kwa kiwango cha sehemu 10, na mtoto wa miezi minane anayelishwa uji mara tatu kwa siku anapimwa kwa kipimo hicho hicho.