Mbuni: Mti, Tunda na Kinywaji

Mwembe huzaa embe, mnazi huzaa nazi, mkarafuu huzaa karafuu. Kahawa nayo hutoka kwenye mti gani? Wengi siku hizi hujibu "mti wa kahawa", na wengine "mkahawa". Kiswahili kina jina lake kamili: mbuni.

Mbuni ni mti mdogo wa jenasi ya Coffea, unaopenda kivuli cha miti mirefu ya msituni. Spishi yake mashuhuri, Coffea arabica, ilipewa jina na Carl Linnaeus mwaka 1753, kana kwamba kwao ni Uarabuni. Kumbe chimbuko lake ni misitu ya nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Ethiopia. Yemen ulikuzwa tu. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, matawi hujaa maua meupe yanayonukia kama asmini. Maua hayo hunyauka baada ya siku chache, na matunda huchukua miezi 7 hadi 9 kuiva.

Tunda hilo ndilo buni, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, bunn; Waamhara nao husema buna. Waswahili wakalivika kiambishi cha miti, likawa mbuni, wingi mibuni. Kahawa, kutoka qahwa ya Kiarabu, ni kinywaji, na mkahawa ni mahali pa kukinywea. Basi mtu huchuma buni kwenye mbuni, akanywa kahawa mkahawani.

Wapo wanaolikwepa neno hili wakihofia kulichanganya na yule ndege mkubwa asiyeruka, au na mtu anayebuni mavazi. Upatanisho wa kisarufi umekwisha kuondoa hofu hiyo. Mti: mbuni umechanua, mibuni imechanua. Ndege: mbuni anakimbia, mbuni wanakimbia. Mtu: mbuni ameshona, wabuni wameshona.

Nchini Kenya, wakulima na wafanyabiashara wa kahawa huita mbuni ile kahawa iliyokaushwa na ganda lake, bila kumenywa kwanza. Ni istilahi halali ya biashara, lakini isiufanye mti wenyewe ukose jina.

Walimu wa sayansi na waandishi wa vitabu vya kilimo, andikeni mbuni. Mti uliozaliwa Afrika, unaolisha kaya nyingi kuanzia Kagera hadi Kilimanjaro, una jina zuri la Kiswahili. Tulitumie.