Kitabu, vitabu, kitepe: lugha mbili za Kisumu

Leo tuweke kando seva na hifadhidata, tuzungumze lugha. Mimi ni mwandishi wa programu hapa Kisumu, na kuna swali ambalo kila anayefanya kazi hii kando ya ziwa atakutana nalo: kwa nini programu ya kukagua tahajia iliyotengenezwa kwa ajili ya Kiswahili haifai kitu ukiilisha Dholuo, ilhali lugha zote mbili zinaandikwa kwa herufi zile zile?

Tuanzie mbali kidogo. Chukua Kimalayalam cha Kerala, India, na Kiuyghur cha Xinjiang, China. Cha kwanza ni cha jamii ya Kidravidi na kina hati yake yenyewe. Cha pili ni cha jamii ya Kituruki na kinaandikwa kwa hati iliyotokana na ya Kiarabu. Ukiviona kwenye karatasi utasema havina lolote la kufanana. Lakini ukivifungua ndani, vyote viwili hubandika viambishi mwishoni mwa neno, na vyote huweka kitenzi mwisho wa sentensi. Nje ni mbalimbali, ndani vinakaribiana.

Kisumu ni kinyume chake. Kiswahili ni Kibantu kutoka pwani, na kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu miaka mingi kabla ya herufi za Kirumi. Utendi wa Tambuka ni wa mwaka 1728. Dholuo ni ya jamii ya Kiniloti, ndugu ya Kiacholi na Kialur, na asili yake ni upande wa Sudan Kusini ya leo. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, lugha hizi mbili zikazidi kukutana sokoni na kazini. Wamisionari nao wakaiandika Dholuo kwa herufi za Kirumi, na shule kama Maseno, iliyoanzishwa mwaka 1906, zikaeneza kusoma. Leo ukizitazama unaweza kudhani ni majirani wa ukoo mmoja.

Sasa angalia neno moja tu: kitabu. Limetoka kwenye Kiarabu. Kiswahili kilipolipokea kikaona "ki" mbele, kikalitia katika ngeli ya ki-vi, na wingi ukawa vitabu. Dholuo ikalipokea neno lile lile, lakini yenyewe hushughulika na mkia: wingi ukawa kitepe. Irabu imebadilika, na "b" imegeuka "p". Mgeni mmoja, nyumba mbili, kila nyumba ikamvika nguo zake.

Na hiyo "p" si ajali. Mlima ni got, milima ni gode: "t" imekuwa "d". Mfupa ni chogo, mifupa ni choke: "g" imekuwa "k". Katika maneno mengi ya namna hii, sauti isiyo ghuna huwa ghuna, na iliyo ghuna huwa si ghuna. Kwa mwandishi wa programu hii ni swichi: ikiwa imewaka izime, ikiwa imezimwa iwashe. Wanaisimu wa dunia nzima wamebishana miaka mingi kuhusu kanuni hii, na mama anayeuza samaki Dunga huitumia bila kufikiri.

Kuna zaidi. Dholuo huandikwa kwa irabu 5 lakini husemwa kwa irabu 9, na toni hubeba maana. Neno otedo laweza kuwa "amepika" au "anapika". Sikio linajua, karatasi haijui. Kiswahili kina "me" na "na" zinazoonekana wazi, kwa hiyo kompyuta hupata kitu cha kushika.

Tofauti nyingine ni ya historia. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia lugha hiyo katika Afrika Mashariki. Dholuo haikupata kamati ya ukubwa huo. Iliinuliwa na waandishi wake, kama Paul Mboya aliyetoa Luo Kitgi gi Timbegi mwaka 1938, na Grace Ogot aliyetoa Miaha mwaka 1983.

Je, jambo hili lina uzito gani? Waulize Wasuba wa Rusinga na Mfangano. Lugha yao, Olusuba, ni Kibantu. Simulizi zao zinasema wazee walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda. Wakaoana na Waluo, wakafanya biashara nao, na shule na kanisa vikawaletea vitabu vya Dholuo. Hakuna aliyewakataza kusema Olusuba. Ilitosha kwamba kila kitu cha kusoma kilikuwa cha lugha nyingine. Kizazi baada ya kizazi watoto wakakua wakisema Dholuo, na leo Olusuba imo katika orodha ya UNESCO ya lugha zilizo hatarini.

Ninavyoona mimi, simu ya leo ndiyo kitabu cha shule cha wakati ule. Kama kibodi inasahihisha Dholuo kana kwamba ni Kiingereza kilichokosewa, kijana ataandika Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali kukuza lugha za kiasili, lakini kifungu hakiandiki programu.

Tuanze na dogo. Ng'ombe wa Kiswahili na ng'ato wa Dholuo (maana yake "mtu") wanatumia alama ile ile ya ritifaa, na kompyuta ina ritifaa iliyonyooka na iliyopinda. Programu ya kutafuta isipozihesabu kuwa kitu kimoja, ng'ato aliyeandikwa kwa moja hatapatikana kwa nyingine. Hilo lina dawa ya mistari michache. Wingi wa chogo utahitaji kazi zaidi, na kazi hiyo itafanywa na wanaosema choke nyumbani kwao.